Kiti Kinachopanda Jino kwa Jino

Jumatatu, 3 Machi

Nimejiandikisha darasani. Sababu niliyompa mke wangu: kujiendeleza. Sababu yenyewe: Bwana Rula amejiandikisha.

Bwana Rula ni karani mwenzangu wa masijala. Meza yake inatazamana na yangu, huu mwaka wa tisa. Anatembea na rula ya chuma kwenye mfuko wa shati, kana kwamba watu watamsimamisha njiani wakimwomba awapimie kitu. Leo asubuhi alitangazia ofisi nzima kwamba anakwenda kusoma mitambo. Nikasema hata mimi. Sikujua ni mitambo gani.

Darasa liko maktaba, chumba cha magazeti, saa kumi na nusu tukitoka kazini. Wiki mbili tu. Mwalimu ni mama mmoja mfupi, kichwa cheupe pe, aliyetengeneza saa za mkono kwa miaka arobaini. Wote humwita Fundi Saa. Nilitegemea vitabu. Akafungua sanduku refu la mbao na kuanza kutoa vidude. Vya vijiti, vya vigurudumu vya nyuzi za kushonea, vya spoku za baiskeli na vifuniko vya chupa. Kila kimoja chatosha kukaa kiganjani. Ukizungusha mkono wa hiki, kijiti kinapanda na kushuka kama mtu anayetwanga. Ukivuta uzi wa kile, jiwe linapaa taratibu bila jasho. Viko thelathini na sita. Kavitengeneza mwenyewe, kimoja kimoja.

Nakiri humu, kwa kuwa hakuna asomaye: nilibaki mdomo wazi. Maisha yangu yote nimeendesha baiskeli, nimefungua makopo, nimepandisha ndoo. Sijawahi kujiuliza ni nani anayenisaidia.

Mwisho wa kipindi Fundi Saa akatuambia jambo. Macho yake yamechoka. Hawezi tena kuona meno ya gia ndogo bila kuyapapasa. Kozi ikiisha, sanduku lote na darasa lenyewe atamkabidhi mmoja wetu, atakayeelewa na kuweza kumwelewesha mwenzake.

Nikamtazama Bwana Rula. Bwana Rula akanitazama. Sanduku ni langu.

Jumanne, 4 Machi

Mbinu ya kwanza: kujipendekeza. Nilifika mapema nikamwambia Fundi Saa kwamba mimi si mgeni wa mitambo, kazini mimi ndiye niliyekabidhiwa mashine ya kurudufu. Hilo ni kweli. Huwa naitia karatasi.

Akafurahi. Akasema basi mimi ndiye nitakayeonyesha mfano. Akalaza gogo sakafuni, juu yake ubao mrefu, akamketisha Bwana Rula upande mfupi. Akaniambia nimwinue kwa mkono mmoja, nichague mwenyewe pa kukandamizia ubao.

Nilichagua karibu na gogo. Palionekana pana uimara. Nikakandamiza mpaka mishipa ya shingo ikanisimama. Bwana Rula alitulia kama yuko barazani kwake anasubiri chai. Kisha akatoa rula yake, akainama na kupima nilikuwa sentimita ngapi kutoka kwenye gogo. Ishirini na mbili.

Akaitwa mkutubi, dada mwembamba ambaye upepo ukivuma humshikilia mtu mwingine. Akakandamiza ncha ya mbali kwa vidole viwili. Bwana Rula akapaa na rula yake.

Fundi Saa akaeleza kwamba huo ni wenzo, na gogo ndilo egemeo. Ukienda mbali na egemeo, mzigo unakuwa mwepesi, ila mkono wako unasafiri sana na mzigo unasogea kidogo. Akasema, "Mzigo ukiwa mwepesi, njia huwa ndefu. Hakuna mashine iliyowahi kuikwepa sheria hiyo." Sijasikia neno zuri kama hilo tangu shule. Nikaliandika. Bwana Rula alikuwa ameshaliandika, na kulipigia mstari, kwa rula.

Jumatano, 5 Machi

Mbinu ya pili: kuazima kidude nikakipekue nyumbani, kesho nikasimame darasani kama profesa. Fundi Saa hakusita. Akanipa kile cha gia, akakifunga kwa kitambaa kama mtoto mchanga.

Nilikifungua mezani sebuleni. Kufungua kulikwenda vizuri sana. Kufunga ndiko kuliniangusha. Nilipomaliza, kidude kilikuwa kimesimama, hakizunguki, na gia moja ndogo ilikuwa imebaki mkononi ikinitazama. Nikaitia kwenye kopo la sukari ili nipate nafasi ya kufikiri.

Nilisahau kwamba sikuwa peke yangu. Mama mkwe alikuwa kitini kwake.

Mama mkwe amekuwa nasi tangu alipoanguka na kuvunjika nyonga, miezi minane iliyopita. Alikuwa mwalimu mkuu, mwanamke ambaye akikohoa tu shule nzima inakaa chini. Mfupa umeunga. Akishasimama, anatembea vizuri na fimbo yake. Tatizo ni kusimama. Hawezi kunyanyuka kitini mpaka mmoja wetu amtie mikono kwapani na kumvuta. Anachukia jambo hilo. Husema anavutwa kama gunia. Kwa hiyo siku hizi haombi. Hukaa akitazama ukuta, tangu sisi tuondoke mpaka jirani aje adhuhuri, na tena mpaka turudi.

Akasema, "Mkwe wangu, hiyo chai atakayoinywa mtu na gia ndani yake itakuwa ya nani?"

Nikasema sijui anazungumzia nini.

"Lete hapa."

Nikapeleka kidude, na kopo. Akavaa miwani. Akaitoa gia, akaipuliza, akageuza kidude juu chini, akakifunga upya kwa muda usiotosha kuchemsha yai. Kisha akazungusha. Akasita. Akazungusha tena, pole pole, akihesabu meno kwa ukucha. Gurudumu kubwa, meno thelathini na mawili. Dogo, manane. Kubwa likienda mara moja, dogo linakwenda mara nne, na kwa upande wa kinyume. Akaniuliza kama nilikuwa najua hivyo. Nikasema bila shaka.

Akasema, "Vizuri. Basi kesho uyaseme hivyo hivyo, usiongeze kitu."

Jumamosi, 8 Machi

Sijaandika siku mbili kwa sababu ya mafanikio.

Alhamisi nilisema maneno ya Mama neno kwa neno. Fundi Saa alikipokea kidude chake, akakizungusha karibu na sikio kama anayesikiliza saa, akatabasamu. Bwana Rula hakuandika chochote. Huo ndio ushindi.

Mpango wenyewe ni mwepesi na sioni kwa nini mtu mwingine hajawahi kuufikiria. Kila jioni naazima kidude. Mama anakifungua, anakielewa, ananieleza mara tatu. Kesho yake nasimama. Kazini nikiulizwa nasema huwa najisomea alfajiri.

Alhamisi ilikuwa kapi: nyuzi nne zinagawana jiwe moja, kila uzi unabeba robo. Ijumaa nilileta gurudumu lenye meno yaliyoinama upande mmoja, na kijiti kidogo kinachodondokea kati ya jino na jino. Kijiti hicho Fundi Saa anakiita ulimi. Gurudumu linakwenda mbele tik, tik, tik. Ukijaribu kulirudisha, ulimi unakataa.

Mama alikaa na hicho asubuhi yote ya leo. Tik, tik, tik. Nilipomwita kula, akasema subiri. Akaniuliza, "Yaani ukichoka katikati, hakikurudishi ulikotoka?" Nikasema hapana, ulimi unashika. Akarudia peke yake: unachoka, unapumzika, na haurudi nyuma. Kisha akaomba penseli.

Mke wangu anasema mama yake amekula sahani mbili na amemtania kuhusu nywele zake. Anasema hajamsikia akitania tangu aanguke. Akanitazama kwa namna ambayo hajanitazama muda mrefu, akasema yote ni kwa sababu yangu. Nikakubali.

Jumatatu, 10 Machi

Siku kubwa. Kila mwanafunzi alitakiwa kuleta kidude alichobuni mwenyewe.

Bwana Rula alileta mzani wa vijiti. Umenyooka sana. Ulipima kalamu mbili na kukuta ziko sawa.

Mimi nilileta kiti. Yaani Mama ndiye aliyekitengeneza, kwa vijiti vya aiskrimu, mpira wa kufungia noti na kitana chake cha zamani. Kiti kidogo, kikalio chake kina bawaba kwa mbele. Nyuma, chini ya kikalio, amesimamisha kile kitana, meno yakitazama kando. Pembeni kuna mkono wa wenzo. Ukiukandamiza, kitana kinapanda jino moja na kuinua kikalio kwa nyuma. Ulimi unashika. Unapandisha mkono, unakandamiza tena, jino la pili. Ni kama jeki ya gari, isipokuwa kinachopanda ni kikalio, na aliyekikalia anainuliwa jino kwa jino mpaka amesimama. Nilikiona jana kikifanya kazi mezani. Kitana!

Darasani watu walisimama ili waone. Fundi Saa alikipapasa kwa vidole, kwa muda mrefu, kuanzia miguu. Kisha akaniuliza mpira umefungwa kwenye ulimi kwa kazi gani.

Hilo Mama hakuniambia. Nikasema ni kwa urembo.

Mkutubi aligeukia dirishani. Bwana Rula akasema kwa upole kwamba yeye angedhani mpira unaurudisha ulimi kwenye meno. Nikasema ndiyo, kwa urembo.

Fundi Saa hakunisuta. Alisema kidude ambacho hakijamwinua mtu bado ni kichezeo, na kwamba Jumamosi angependa kuja nyumbani kukiona kiti chenyewe. Nikamjibu kwamba kiko karibu kukamilika.

Hakijaanza.

Jumanne, 11 Machi

Nimeomba ruhusa kazini. Nikaenda kwa seremala, karakana yake iko chini ya jengo letu. Sisi tuko ghorofa ya tatu. Nikamwambia nimebuni kiti.

Akaitikia, akachukua kipimo, akauliza egemeo linakaa wapi. Nikamwambia anisubiri kidogo. Nikapanda ghorofa tatu, nikamuuliza Mama, nikashuka. Akauliza mkono wa wenzo una urefu gani. Nikapanda. Akauliza nguzo yenye meno, ile ya mahali pa kitana, itakuwa ya mbao au chuma. Nikapanda. Mama akasema chuma, na nimuulize seremala kama anaweza kupata unene wa kidole gumba. Nikashuka, nikapanda. Safari ya tisa nilikaa kwenye ngazi nikaelewa kwa mwili wangu mwenyewe maana ya njia ndefu.

Safari ya kumi na moja seremala alinifuata, na penseli yake sikioni. Akamwamkia Mama, akavuta kigoda. Wakazungumza saa nzima. Seremala huyu mimi namjua, hana subira na mtu. Leo alikuwa anaitikia, "Naam, mwalimu. Naam, mwalimu." Mimi nilitumwa kutafuta skrubu.

Jumatano, 12 Machi

Seremala amekwenda kwa mtu wa kuchomelea vyuma. Darasani Fundi Saa amefundisha kabari na mteremko. Sikuazima kitu. Nilikuwa na usingizi.

Alhamisi, 13 Machi

Kiti kimefika. Mvule, chuma, mkono laini uliopigwa msasa mpaka unang'aa. Seremala ameupeleka mkono mbele kidogo kuliko mchoro, ili kiganja cha Mama kiufikie bila kuinama. Mama alipapasa pale akasema hilo yeye hakuliwazia. Seremala aliona haya kama bwana harusi.

Nikasema mimi ndiye nitakayekijaribu, kwa usalama wa familia. Nikakaa. Nikakandamiza. Tik. Ni ajabu, ni kama kiti kimevuta pumzi. Tik. Tik. Kwa jino la saba nilikuwa karibu kusimama, na sikuwa nimetumia nguvu kuliko za kufunga mlango. Nikataka kujua kingetokea nini nikiinua ulimi.

Kilichotokea ni kwamba nilishuka meno yote saba kwa mpigo. Nikauma ulimi wangu mwenyewe.

Mama akamwambia seremala pahitajika kifuniko juu ya ulimi, kwa ajili ya wajinga. Seremala akauliza wajinga gani, watoto? Mama akasema hakuna watoto katika nyumba hii.

Ijumaa, 14 Machi

Maji yamenifika shingoni. Kesho Fundi Saa anakuja. Akizungumza na Mama dakika moja, mpango umekufa.

Mbinu: nimemwambia Fundi Saa kwamba mama mkwe wangu hasikii vizuri na hapendi kusemeshwa na wageni. Nimemwambia Mama kwamba kesho anakuja bibi mmoja wa idara ya afya, mkali, asiyetaka wagonjwa wamweleze mambo yao. Kila mmoja atanyamaza kwa ajili ya mwenzake. Nitazungumza mimi.

Nalala mapema kwa utulivu wa moyo.

Jumamosi, 15 Machi

Saa nne asubuhi. Fundi Saa aliingia, na nyuma yake Bwana Rula amembebea sanduku. Hakuna aliyemwalika Bwana Rula. Amevaa tai.

Fundi Saa alisimama mbele ya kiti, ambacho Mama alikuwa amekikalia, akapaza sauti kama anayeita mtu ng'ambo ya bonde:

"SHIKAMOO, DADA!"

Mama akasema, "Marahaba. Idara ya afya siku hizi mmekuwa na sauti nzuri."

"Idara gani? Mimi ni fundi wa saa."

Wakatazamana. Kisha wakanitazama mimi, wote wawili kwa pamoja, kama mikono ya saa inapokutana saa sita.

Mama akasema kumbe ipo njia fupi duniani, nayo ni ya mwongo.

Fundi Saa akavuta kigoda akakaa. Akamuuliza Mama mpira ule kwenye ulimi ulikuwa wa kazi gani. Mama akamjibu kwamba unausukuma ulimi urudi kwenye jino, maana kidude kikilala ubavu, uzito peke yake hautoshi. Fundi Saa akafumba macho na kutikisa kichwa kwa raha, kama mtu aliyeonjeshwa kitu alichokikosa siku nyingi. Akasema alijua tangu siku ya kwanza. Gia yake ilirudi imefungwa vizuri kuliko alivyoitoa, "na mwanangu huyu koti lake lenyewe hulifunga vifungo vikapishana."

Nikatazama koti langu. Ni kweli.

"Basi niinukie nikuone," Fundi Saa akasema.

Mke wangu akasogea kwa mazoea, mikono tayari kumshika kwapani. Mama akamwonyesha kiganja: kaa. Akaushika mkono wa wenzo. Tik. Tik. Tik. Kwa jino la tano alitua kupumzika, na kiti kikamshika pale pale kilipomfikisha. Nikaona amelifurahia hilo kuliko kupanda kwenyewe. Tik. Uso wake ulikuwa unapanda polepole kutoka pale tulipouzoea, kwenye usawa wa viuno vyetu, mpaka usawa wa macho yetu. Jino la kumi na moja. Akachukua fimbo yake, akasimama.

Akatembea mpaka dirishani, akalifungua mwenyewe. Miezi minane limekuwa likifunguliwa na sisi, au halifunguliwi. Akatazama chini barabarani muda mrefu, akasema yule mwuza magazeti amenenepa.

Mke wangu aligeukia ukutani. Bwana Rula alikuwa ametoa rula, nadhani apime kimo cha kikalio, lakini aliishikilia tu kifuani, kama kofia. Mimi nilikuwa na kitu jichoni. Nimeishi na mama huyu miezi minane nikidhani anatazama ukuta.

Fundi Saa akasema mwanafunzi wake bora hakuwahi kufika darasani. Akalisukuma sanduku kwa mguu mpaka miguuni pa Mama. Vidude vyote thelathini na sita, pamoja na darasa. Mama akasema macho yake yangali mazima, na Fundi Saa ana vidole. Baina yao watapata mwalimu mmoja kamili. Wakaanza pale pale. Kila Jumatatu, Jumatano na Ijumaa, sebuleni kwangu. Bwana Rula ameshachagua kiti chake. Ni kile ninachokalia mimi.

Wakati wa kuondoka Fundi Saa alinishika bega. Akasema nimevibeba vidude vyake kwenda na kurudi wiki nzima, na hakuna hata kimoja kilichopotea, na hiyo nayo ni kazi. Nilitaka kukasirika ikashindikana.

Jumatatu, 17 Machi

Habari za kiti zimefika ofisini. Bwana Rula amezieneza, na kwa uungwana wake amesema tu kwamba nyumbani kwangu kuna kiti cha ajabu. Hakutaja aliyekibuni.

Mkuu wa idara akaniita. Akauliza kama ni kweli. Nikasema ni kweli. Akauliza kama ni mimi. Nikasema mtu hapendi kujisifu. Akasimama akanipa mkono, akasema Alhamisi wafanyakazi wote watakusanyika ukumbini, niwahutubie jinsi nilivyokibuni, wapate kuiga.

Nikakubali. Ningefanyaje? Alikuwa ameshanipa mkono.

Hotuba ndiyo iliyonisumbua, mpaka nilipopata wazo nikiwa njiani kurudi. Nimemwambia Mama kwamba kuna mwenzetu mmoja ofisini, mtu mzuri lakini hana ufasaha, ametakiwa azungumzie kiti cha namna ile. Je, anaweza kumwandikia hotuba? Mama akaniuliza huyo mwenzetu ni mtu wa namna gani. Nikamwambia ni mwerevu, mnyenyekevu, na watu hawaijui thamani yake.

Akasema anamwona kabisa. Akajiinua kitini, akaenda mezani, akavaa miwani. Aliandika kurasa nne bila kufuta neno, na mara mbili alilazimika kuweka kalamu chini kwa kucheka. Akaitia kwenye bahasha, akaifunga kwa gundi. Akasema nimwambie huyo bwana asiifungue mpaka awe mbele ya watu, ili maneno yatoke moyoni.

Hana hila, mama huyu. Nimeiweka kwenye mkoba tayari. Bwana Rula ameniomba nimwekee nafasi mstari wa mbele, na nimemwekea.